Tupeane uzoefu: jina jipya, pasipoti mpya, safari ya nje

Mwanzisha mada
Wakuu, uzi huu ni wa waliobadilisha jina kwa ndoa, talaka au kiapo na sasa wana safari ya nje. Tuweke yanayosaidia kweli. Naanza na la msingi: tiketi hufuata pasipoti utakayoishika siku ya safari, haifuati cheti cha ndoa. Kama tiketi imeshakatwa kwa jina la zamani na safari iko karibu, nendeni na kurudi na pasipoti ya zamani, ndipo muombe mpya. Ukiomba katikati, ya zamani inafutwa na tiketi inabaki na jina lisilo na pasipoti.

Mkata tiketi
Mashirika mengi ya ndege hutofautisha kurekebisha jina na kubadilisha jina. Herufi iliyokosewa hurekebishwa bila shida. Jina la ukoo likibadilika lote, mfumo unaona abiria mwingine, na tiketi kwa kawaida haihamishiki. Kwa hiyo eleza tangu mwanzo kwamba abiria ni yuleyule, jina limebadilika kisheria, kisha tuma cheti pamoja na kurasa za picha za pasipoti zote mbili. Aliyekata kwa wakala aanzie kwa wakala.

Jina lenyewe nakilini kutoka mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha, yenye herufi na alama 44 kila mmoja. Mstari wa kwanza una jina la ukoo, kisha alama << mbili, ndipo majina mengine. Hapo ndipo utajua kama jina la baba limebaki kwenye ukoo au limehamia upande wa pili. Wanaounganisha majina mawili hukwama sana hapa. Kistari cha kuunganisha hugeuka kuwa <, na ritifaa (') hutoweka kabisa, kwa hiyo msishtuke.

Angalieni pia akaunti zenu za kukatia tiketi mtandaoni. Hujaza zenyewe jina na namba ya pasipoti ya zamani, na wengi hubonyeza bila kusoma.

Mdau wa viza
Vibali vya mtandaoni vya wasiohitaji viza, yaani ESTA ya Marekani, ETA ya Uingereza na eTA ya Canada, hufungwa kwenye pasipoti uliyoombea. Pasipoti mpya ni ombi jipya, hata kama muda wa kibali haujaisha. Mwenye eVisa (viza ya kidijitali) ya Uingereza aingize pasipoti mpya kwenye akaunti yake ya UKVI, idara ya viza na uhamiaji ya huko, kabla ya kusafiri.

Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ya zamani mara nyingi bado inafaa, mradi ubebe zote mbili. Jina likitofautiana, ulizeni ubalozi kwanza. Marekani, kwa mfano, inashauri uombe viza mpya. Unapokabidhi pasipoti ya zamani ifutwe, mwonyeshe ofisa ukurasa wenye viza hai ili asiutoboe, na omba urudishiwe. Na tafadhali, msiripoti kuwa imepotea ili kurahisisha mambo! Namba inaweza kuingia kwenye kanzidata ya Interpol ya hati zilizopotea au kuibwa, na kitabu hicho hakitumiki tena hata kikionekana.

Msafiri na watoto
Mtoto mwenye jina la ukoo tofauti na lako: cheti chake cha kuzaliwa kina jina lako la zamani, kwa hiyo bila cheti cha ndoa hakuna kinachowaunganisha. Bebeni vyote, na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri. Aliyebadilisha jina mara mbili abebe hati ya kila badiliko. Ya mwisho peke yake huacha pengo.

Mdau wa afya
Kadi ya homa ya manjano inasahaulika. Tangu Julai 2016 ni ya maisha, kwa hiyo huhitaji kuchanjwa upya kwa sababu ya jina. Lakini usikate jina la zamani kwa kalamu, maana kufutafuta kunaweza kuibatilisha. Rudi kituo kilichokuchanja na pasipoti mpya, wakuandikie kadi nyingine yenye tarehe ileile ya chanjo.