Shule ya mwanangu iko kwenye asilimia 5 ya mwisho, nimhamishe?

Wanajukwaa, naombeni ushauri. Tuko Marekani mwaka wa pili sasa, mwanangu yuko darasa la 4. Juzi nimekuta barua ndani ya daftari lake la hesabu: shule yao imewekwa kwenye asilimia 5 ya mwisho ya jimbo. Usingizi ukaniruka. Jirani anasema sheria inanipa haki ya kumhamisha na basi wanalipa wao. Ila mwalimu wake wa Kiingereza anamjali sana. Tulifika hajui hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Jana kanisomea maandishi yote ya boksi la maziwa. Nifanyeje?

BabaTatu: Pole dada. Hamisha. Mtoto hasomi darasa la 4 mara mbili.

MsaidiziDarasani: Dada, usikurupuke. Haki anayosema jirani ilikuwa ya sheria ya zamani, No Child Left Behind ya 2002: shule ikikosa malengo miaka miwili mfululizo, unapewa shule nyingine na usafiri. Mahali pake ikaja ESSA, aliyoisaini Obama Desemba 2015. Sasa wilaya inaweza kukupa uhamisho, hailazimiki. Wapigie wenyewe.

Halafu hiyo asilimia 5 ni ya shule zinazopata fedha za Title I, zile zenye watoto wengi wa kipato kidogo, sio shule zote za jimbo. Wanaangalia mitihani ya kusoma na hesabu, kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na mengine, likiwemo maendeleo ya watoto wanaojifunza Kiingereza. Fungua ripoti ya shule kwenye tovuti ya jimbo, shuka mpaka kipengele hicho. Kama hapo wanafanya vizuri, mimi ningemwacha.

BabaTatu: Hilo la Title I sikulijua. Nafuta kauli, dada.

MamaZuu: Na hiyo shule lazima iwe na mpango wa kuboreshwa, wazazi mkishirikishwa. Kikao kikiitwa, nenda. Omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure, usimtumie mtoto kutafsiri. Mimi nilikaa kimya miaka miwili kwa kuogopa Kiingereza changu, inaniuma mpaka leo. Uliza pia sifa za mwalimu wa darasa, sheria inakuruhusu.

Mleta uzi: Asanteni sana. Nimewapigia: nafasi ipo shule moja tu, basi hakuna. Kwenye ripoti, upande wa Kiingereza wako juu kuliko hiyo shule nyingine. Kikao ni Alhamisi saa 12 jioni, mkalimani nimeomba.