Acheni kutuita wavivu, watu wa Tanga wana sababu ya kutokwenda kupiga kura

Wakuu, hili nimelivumilia kwa muda mrefu, leo nalisema. Kila uchaguzi ukipita wimbo ni ule ule: Tanga wamelala, Tanga ni kahawa na kashata, siasa zao zinaishia barazani na siku ya kura hawaonekani. Wanaosema hivyo wengine ni wenzetu wa hapa hapa jijini. Kuna kiongozi alisimama msibani, maiti haijatolewa ndani, akatutangazia kwamba tusimlaumu mtu kwa barabara mbovu kwa sababu kura hatupigi. Msibani! Watu wakainamisha vichwa kwa heshima ya marehemu, yeye akadhani tumekubali.

Haya, tuangalie hesabu. Mwaka 2010 nchi nzima waliopiga kura hawakufika asilimia 43 ya walioandikishwa. Mwaka 2015 wakapanda mpaka asilimia 67. Mwaka 2020 wakashuka tena hadi 50 na ushei. Uvivu gani huo unaompata mtu, unamtoka, kisha unamrudia? Watu ni wale wale. Mwaka 2015 Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alikuwa ametoka CCM, na UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wamemsimamisha yeye kuwa mgombea wao mmoja wa urais, na kila mtu aliona kura yake inaweza kuamua kitu. Ndiyo maana walitoka.

Na Tanga tulitoka, mtu asitusahaulishe. Jimbo la Tanga Mjini tulilitoa kwa CCM tukalipa CUF, chama cha upinzani, Mussa Mbarouk akaingia bungeni. Mji huu si wa kumilikiwa na chama chochote. Ingia nyumba moja ya Ngamiani, utamkuta baba ana kadi ya CCM aliyoirithi toka enzi za TANU, kijana wake CUF damu, mama anatazama mtu na si chama, na usiku wote wanakula sinia moja. Wanabishana mpaka jirani anagonga ukuta, lakini siku ya kura kila mmoja alikuwa anakwenda.

Tulipata nini baada ya hapo? Ukazuka mgogoro wa umeya, madiwani wa CUF wakilalamika kwamba wao ndio wengi na kiti kimekwenda upande mwingine, baraza la madiwani likayumba huku taka zinanuka. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku, ikaja kuruhusiwa Januari 2023. CUF yenyewe ikapasuka vipande viwili, mwenyekiti Lipumba huku na katibu mkuu Maalim Seif kule (na hilo siwasamehe, tuliwapa kura wakatupa ugomvi wao). Ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019: wagombea wa upinzani walienguliwa nchi nzima kwa makosa ya kujaza fomu, vyama vikajitoa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Mtu aliyepitia yote hayo akiamua kubaki nyumbani, mnamwita mvivu?

Sasa nieleze kilichoniuma hasa. Novemba 27, 2024, uchaguzi wa mitaa. Baba yangu ni mtu mzima, magoti hayana nguvu, lakini alivaa kanzu yake akatoka mapema. Kadi ya mpiga kura ameitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha bima. Kituoni orodha imebandikwa ukutani, majina yameandikwa kwa mkono, karatasi nyingine imejikunja huwezi kusoma mistari ya chini. Akapitisha kidole jina kwa jina, akarudia tena toka juu. Hayumo. Akatoa kadi yake akampa kijana wa mezani. Kijana hata hakuishika: "Mzee, kadi hii si ya uchaguzi huu."

Na kwa utaratibu uliopo kijana hakukosea, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kadi ni ya Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, la Tume ya Uchaguzi. Uchaguzi wa mitaa una orodha yake nyingine chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, na mwaka huo uandikishaji ulikuwa Oktoba 11 hadi 20, siku kumi basi. Gari la matangazo lilipita mtaani likihimiza watu wakajiandikishe, Mzee akajibu mimi kadi ninayo. Hakuna aliyemwambia kwamba haitoshi. Kwenye takwimu zenu hayumo kabisa, si kwa waliopiga wala kwa waliokacha. Wapo wazee wangapi kama yeye Makorora, Mabawa, Duga, Pongwe?

Ya 2025 mnayajua. CHADEMA nje ya uchaguzi, Lissu gerezani kwa kesi ya uhaini, Mpina, mgombea urais wa ACT-Wazalendo, ameenguliwa, siku ya kura intaneti imezimwa. Kisha Tume ikatangaza waliojitokeza ni asilimia 87. Waangalizi wa SADC wao waliripoti vituo vyenye wapiga kura wachache sana. Nani tena ana haki ya kutuhubiria habari ya kujitokeza?

Ninachotaka ni kitu kimoja: daftari moja na kadi moja kwa chaguzi zote, na uchaguzi wa mitaa utoke TAMISEMI uende Tume. Sheria ya Tume ya 2024 imeitaja kazi hiyo, lakini ikaiacha isubiri sheria nyingine ya Bunge. Wabunge wa mkoa huu, muswada huo uko wapi? Nani kati yenu ameuulizia hata mara moja? Uchaguzi wa mitaa unaofuata ni 2029, kwa hiyo msije mkatuambia muda haukutosha.