Tupeane uzoefu: Kusubiri jibu la Mungu bila kukata tamaa, mnamsaidiaje mtu?

Sauti_ya_Tatu: Wakuu, kuna mdogo wetu kaandika humu kwamba kamwomba Mungu kazi, hajajibiwa, hadi kaacha kwenda ibadani. Nyie mnaosindikiza watu wa hivi jumuiyani au kwenye maombi, mnawafanyisha nini hasa? Msije na "Mungu ni mwema" tupu, huyu ana njaa.

Mzee wa Usharika: Zaburi ya 13, ina aya 6 tu. Ya 1–2 ni malalamiko, "hata lini" mara nne. 3–4 ombi. Tumaini linaingia kwenye ya 5. Asome kwa sauti, kisha aandike yake kwa mpangilio huohuo, malalamiko kwanza na ayataje: kodi, ada, deni la dukani. Wengi tunakosea kumrusha mtu aya ya 5 kifua bado kimejaa. Anaitikia amina, Jumapili ijayo humwoni. Ya 5 ikimshinda, mpe Zaburi ya 88. Ile inaishia gizani na bado ni sala.

Kwaya_Alto: Kulalamika kwanza, naunga mkono.

Mama wa Maombi: Afunge siku tatu kavu, Ijumaa mkesha. Mlango utafunguka tu!

Nesi Mstaafu: Dada, taratibu. Uliza kwanza anatumia dawa gani. Mwenye kisukari anayejichoma insulini akiruka mlo, sukari inashuka: jasho, kutetemeka, anaongea ovyo, na nyie mkeshani mnakemea mapepo. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa ale tena (1 Fal 19).

Mama wa Maombi: Danieli alifunga wiki tatu.

Nesi Mstaafu: Aliacha nyama, divai na vyakula vitamu. Soma 10:3.

Mkatoliki Mtulivu: Novena, yaani sala ya siku 9, saa ileile, nia moja. Ukikosa siku, endelea.

Mlokole Original: Novena haimo kwenye Biblia.

Mkatoliki Mtulivu: Yesu kupaa ni siku ya 40 tangu Pasaka, Pentekoste ya 50. Hesabu za katikati, halafu usome Matendo 1:14 walikuwa wanafanya nini.

Mlokole Original: Walisali, ila bila rozari.

Mwalimu wa Biblia: Acheni rozari, kuna hatari kubwa zaidi: kumpa mtu tarehe. Yeremia 28, Hanania anasimama hekaluni mbele ya makuhani, anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi kutoka Babeli. Anaichukua nira ya mti shingoni mwa Yeremia na kuivunja. Nani asingeshangilia? Yeremia akajiendea zake. Kisha akarudi na neno la nira ya chuma, na Hanania akafa mwaka uleule, mwezi wa saba. Ndipo inafuata barua ya Yeremia kwa mateka, sura ya 29: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, utakieni amani mji mliohamishiwa. Aya ya 10 inasema miaka 70. Ile ya 11, ya "mawazo ya amani", mnayobandika kwenye daladala inakuja baada ya hiyo! Ukimwambia mtu "mwezi huu hauishi" na ukaisha, hakuachi wewe, anamwacha Mungu. Mpe kazi ya aya ya 5 ya barua ile, kupanda bustani. Mchicha unavunwa wiki ya tatu au ya nne, ale huku anapeleka barua za kuomba kazi.

Kijana wa Bodaboda: Duh, Hanania! Wa siku hizi anauza na mafuta ya upako.

Mlokole Original: Unamsema nani?

Kijana wa Bodaboda: Nimetaja jina? Kofia imekutosha mwenyewe.

Mhazini wa Jumuiya: Turudi kwa mdogo wetu. Badala ya "tunakuombea", pangeni mtu mmoja ampitie kila Jumatano, watu watatu wakienda kwa zamu ovyo hakuna anayekwenda. Nauli ya usaili itolewe kimyakimya, isisomwe kwenye matangazo, maana akiona aibu hatarudi.

Mama wa Maombi: Haya, mkesha uko palepale, ila na uji.

Nesi Mstaafu: Hapo sasa. Wa kisukari msimwekee sukari.