Tupeane uzoefu: tarehe za kihistoria mnazitumiaje kuwafundisha watoto nyumbani?

Mama Pacha, Morogoro
Habari zenu wakuu. Nina pacha wa miaka nane, huu mwaka wa pili nawafundisha mwenyewe nyumbani. Historia ilikuwa inatushinda: leo wamekariri, kesho hakuna kitu. Mwaka huu bibi yao alikuwa anarudi kutoka Unguja, nikamwomba aje na udongo kidogo. Akauleta kwenye kopo la maziwa. Tarehe 26 Aprili tukaitazama ile picha ya 1964, Mwalimu Nyerere anachanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Kulwa akamimina wa Unguja kwenye beseni, Doto akamimina wa hapa uani, wakakoroga kwa mikono. Kisha Kulwa akauliza, "Mama, nikiutaka wangu nitautoaje?" Jamani, swali hilo lilitukalisha hadi chakula cha mchana kikachelewa. Wenzangu, siku nyingine mnafanyaje?

Bi Shamsa, Unguja
Mwanangu, hilo la udongo limenigusa. Mie ninao wajukuu, na siku yetu ni 27 Agosti. Mwaka 1896 Waingereza walimpa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani wa Zanzibar bila ridhaa yao, hadi saa tatu asubuhi atoke kwenye kasri. Hakutoka, wakaanza kupiga mizinga. Basi saa tatu nami nateleka wali wa nazi, watoto wanashika saa. Dakika 38 hivi vita imekwisha, na wali ndiyo kwanza napalia makaa juu ya kifuniko. Mwanzo walicheka, vita gani fupi kuliko wali! Nikawaambia watu wetu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa katika muda huo. Wakanyamaza. Mdogo akauliza kama walikuwamo watoto. Siku hiyo tulikula kimya, na sikuona vibaya. Msiwafiche.

Baba Watatu, Eldoret
Hamjambo. Kwetu ni 12 Oktoba, siku Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni Vienna kwa 1:59:40, mwaka 2019. Tulipima mita 100 kwa kamba kando ya shamba la mahindi. Kipchoge alikuwa akizimaliza kwa sekunde 17 hivi. Kijana wangu wa miaka 11 alijitupa mbio zote, akapata 18. Nikamwambia, "Sasa rudia mara 422 bila kupumzika." Alikaa chini kwenye nyasi, akachukua daftari akapiga hesabu mwenyewe kuhakikisha simdanganyi. Desimali alizokuwa anazikimbia mwezi mzima! Jioni akataka kujua kwa nini haikuhesabiwa rekodi rasmi ya dunia, tukaongea kuhusu wale wakimbiaji waliopokezana kumwongoza.

Mwalimu wa Sebuleni, Dodoma
Baba Watatu, ongeza 20 Oktoba. John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni kwenye Olimpiki ya Mexico 1968, alianguka akaumia goti, akamaliza wa mwisho na bandeji mguuni. Binti yangu alijifunga kitenge gotini akazunguka nyumba mara kumi. Ushauri wangu: tarehe moja kwa mwezi inatosha. Mimi nilianza na nne, nikachoka kabla ya watoto.

Mama Pacha
Asanteni sana. Bi Shamsa, shikamoo. Huo wali ni vikombe vingapi, na moto wa kiasi gani? Agosti nataka tuupike.