Boti ya tanga futi 24 Mwanza: faiba ya kalibu, mbao iliyovishwa, au povu katikati?

MtuWaCapriPoint
Wakuu, habari za jioni. Nataka boti ya tanga ya futi 24, ya kuzungusha wageni kisiwani Saanane, na upepo ukikubali nifike nayo Ukerewe. Boti moja tu, si ya kuuza. Kuna faiba tupu inayolazwa ndani ya kalibu (chombo chenye umbo la boti), mbao iliyovishwa faiba, na povu gumu la plastiki lililobanwa kati ya faiba mbili. Kila fundi anasifia ya kwake. Msaada tafadhali.

FundiMwaloni
Mkuu, kalibu kwa boti moja ni kutupa hela. Kwanza uunde umbo kamili la boti, ulisugue mpaka ling'ae, ndipo utoe kalibu juu yake, ndipo boti itoke ndani ya kalibu. Inalipa ukitoa nyingi, au ukipata wa kukukodishia.

Kazi yenyewe ni hivi: unapaka nta, halafu jelikoti (ganda la nje linalong'aa) nusu milimita hivi, ikianza kushika unalaza mkeka wa nyuzi za faiba, resini (gundi ya majimaji inayoganda) na rola, unafukuza viputo vyote. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba unakupa kama milimita moja, sasa piga hesabu ya ubavu wa milimita sita. Kwenye mkuku, uti wa chini wa boti, unaongeza. Usilaze tabaka zote kwa mkupuo, resini hupata joto ikikauka na ubavu unaweza kupinda. Na jua la saa saba la Mwanza ukizidisha hadina (dawa ya kugandisha resini), kopo linaganda mkononi.

DadaWaNansio
Hiyo ya kuvisha, inategemea mbao imeungwaje. Mtumbwi wa misumari na pamba usiuvishe kabisa! Mbao zinacheza, ganda linapasuka kwenye maungio, maji yanaingia na hayatoki. Nje inang'aa, ndani inaoza. Poliesta, ile resini ya kawaida ya faiba, nayo haishiki mbao vizuri, inabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Tumia vipande vyembamba vya mbao kavu, uvigundishe kwa epoksi, resini inayoshika mbao, ubavu kwa ubavu, kisha kitambaa cha faiba na epoksi nje na ndani.

MtuWaCapriPoint
Dada, epoksi si ghali mno?

DadaWaNansio
Ghali kuliko poliesta, sikatai. Ila hela ya kalibu inabaki mfukoni.

BahariaWaTanga
Huku pwani mbao inatobolewa na wadudu wa baharini, nyie ziwani hamna hao. Mna jambo lingine: maji yasiyo na chumvi hupenya jelikoti upesi kuliko ya bahari, na yakiwa ya uvuguvugu kama ya kwenu ndiyo zaidi. Faiba ya poliesta ikilala majini miaka inatoa malengelenge.

FundiMwaloni
Kweli tupu. Toboa lengelenge moja, linatoka maji yananuka siki. Ukiamua faiba, tabaka za kwanza zilaze kwa vinilesta, resini inayozuia maji kuliko poliesta, chini ya mstari wa maji paka epoksi, na boti ipande nchi kavu ikauke kila inapowezekana.

Mkono_wa_Igombe
Mmesahau povu. Halihitaji kalibu: unalipigilia juu ya mataruma (mbavu za boti) ya muda, faiba nje, unageuza, faiba ndani. Jepesi na gumu. Shida ni kusugua, utasugua mpaka ujute. Mahali pa boliti toa povu, jaza faiba tupu, la sivyo maji yanapenya. Mimi ningeliweka kwenye sitaha tu.
Jingine, kwa anayetumia poliesta: hadina na kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) visichanganywe moja kwa moja, hulipuka. Kobalti kwanza kwenye resini, koroga, hadina mwisho.

MtuWaCapriPoint
Basi mwili wa mbao na epoksi, sitaha ya povu. Mkuku je? Farumi (uzito wa kuituliza boti) ya risasi chini?

DadaWaNansio
Mkuku mrefu wa kudumu utakukwamisha, kando ya visiwa kuna miamba na kina kidogo. Weka ubao unaopanda na kushuka, farumi iwe ndani chini kabisa, ifungwe isitembee boti ikilala. Kisanduku cha ubao kifunge kwa tabaka nyingi za kitambaa, boti nyingi zinavujia hapo. Mbao umeshapata, au bado?

MtuWaCapriPoint
Bado, Dada. Jumamosi naenda kuangalia.