Kishikwambi cha kusomea usiku na kuangalia picha: OLED au LCD?

MsomaUsiku: Wakuu, habari zenu. Usiku nasoma PDF taa ikiwa hafifu, mchana nachambua picha ninazopiga kwa kamera. Kishikwambi nilicho nacho ni cha OLED (skrini ambayo kila nukta inawaka yenyewe). Rangi zake nazipenda mno, ila nikishusha mwanga hadi chini macho yanawasha na kichwa kinaanza kugonga. Nataka kingine. Nichukue LCD (skrini inayomulikwa na taa ya nyuma), skrini isiyoakisi, au wino wa kielektroniki (skrini inayofanana na karatasi)?

FundiKioo: Pole, mkuu. OLED nyingi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka, mara nyingi ni mara 240 au 480 kwa sekunde. Ukishusha mwanga, muda wa kuzima ndio unaorefuka. Jicho halioni, lakini wapo watu wanaoumwa kichwa kabisa.

Pima mwenyewe. Fungua ukurasa mweupe, shusha mwanga hadi robo, elekeza kamera ya simu na uweke kasi ya shata (muda wa kupiga picha) ya 1/1000 ya sekunde. Mistari mipana myeusi ikitokea, mchawi umeshampata. Fanya hivyohivyo dukani kabla hujalipa, maana hata LCD zipo zinazopepesa.

Mimi natumia LCD ya IPS (aina ambayo rangi hazibadiliki sana ukiitazama kwa pembeni) isiyopepesa. Gizani weusi wake unaelekea kijivu, na ukitoka kwenye OLED utauona. Ila kwa kuchambua picha mchana inatosha kabisa, mradi rangi zake zimepimwa vizuri kiwandani.

Karatasi: Wino wa kielektroniki kwa maandishi hauna mpinzani. Kwa picha, hapana: Kaleido 3, skrini ya wino huo yenye rangi, ina nukta 300 kwa inchi kwenye nyeusi na nyeupe, kwenye rangi 150, na rangi zenyewe ni 4,096 tu.

MsomaUsiku: Na hizo zisizoakisi?

FundiKioo: Kioo chake kina mikwaruzo midogo sana inayotawanya mwanga wa dirishani au wa taa. Wewe unasomea kwenye mwanga hafifu, kwa hiyo hakuna cha kuakisi, halafu picha zako zitapoteza ukali na ukurasa mweupe utaonekana una chembechembe. Ukiihitaji mchana, bandika juu ya kioo plastiki isiyoakisi inayobanduka.

Kwa sasa, acha mwanga wa skrini juu ya nusu, kisha ufifishe kwa mpangilio wa programu. Kwenye Android upo kuanzia toleo la 12. Na ule umanjano wa usiku uzime ukiwa unachambua picha.

MsomaUsiku: Nimepima, mistari ipo, tena minene. Kesho naenda dukani na simu mkononi.