MJADALA: Alpe d'Huez siku mbili mfululizo, ni mashindano au ni kukomoana?

Pwani_Gia:
Wakuu, salaam. Tour de France ya 2026, zile mbio za baiskeli za wiki tatu, inaanzia Barcelona tarehe 4 Julai, na ukiiangalia ramani ya wiki ya mwisho unaona kabisa kuna mtu alikaa mezani akapanga watu waumie. Ijumaa, hatua ya 19 (hatua ni mbio ya siku moja), wanamalizia juu ya mlima wa Alpe d'Huez, Ufaransa. Jumamosi tarehe 25, hatua ya 20, wanamalizia Alpe d'Huez tena, ila wanazungushwa kwanza: wanatoka Bourg d'Oisans, wanapanda Croix de Fer, wanashuka, wanapanda Télégraphe na kuunganisha Galibier yenye mita 2,642, wanashuka tena, halafu wanaingilia kwa mlango wa nyuma kupitia Sarenne. Kilomita 171, na jumla ya kupanda ni kama mita 5,600. Ni sawa na kutoka ufukweni Raskazone, hapa Tanga, ukaishie pua na mdomo na kilele cha Kibo, siku moja, na miguu ina wiki tatu za uchovu.

Hoja yangu: wamezidisha. Ukiweka mlima wa namna hii siku moja kabla ya Paris, mwisho wa mbio, wenye nafasi ya jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio nzima, watavizia tu wiki nzima, hakuna atakayethubutu mapema. Na wale wa kasi, wenye miili mizito, watakatwa kwa kuchelewa. Nataka hoja.

Fundi_Spoku:
Nakupinga. 2020 siku moja kabla ya Paris Roglič alikuwa na jezi ya njano, watu wameshampa ubingwa. Akaja Pogačar kwenye mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa, akamaliza juu ya mlima wa La Planche des Belles Filles, akamvua. Mpaka leo nikikumbuka ile helmeti ya Roglič ilivyokaa upande, nasikitika. Lakini ndiyo raha yenyewe! Tour ikiamuliwa wiki ya kwanza sisi tunaangalia nini wiki mbili zilizobaki, mashamba ya alizeti?

Pwani_Gia:
Ile ilikuwa kilomita 36 na mlima mmoja mwishoni. Hii ni milima minne. Na umesahau 2022: mlima wa Granon ulikuwa hatua ya 11, katikati kabisa, Vingegaard akampasua Pogačar pale pale. Kumbe mlima mkali ukiwekwa katikati watu wanapigana vile vile.

Mzee_wa_Donge:
Vijana mnasema kama vile haijawahi kutokea. 1979 walimalizia Alpe d'Huez siku mbili mfululizo, hatua ya 17 akashinda Agostinho, hatua ya 18 Zoetemelk. 2013 wakaipanda mara mbili ndani ya siku hiyo hiyo, akashinda Mfaransa Riblon. Hakuna aliyekufa.

Kona_ya_Soni:
Mie nastaajabu watu wa Tanga mjini kukaa kujadili mlima. Mji mzima tambarare, kuanzia Chumbageni hadi Mikanjuni hakuna hata pa kubadilishia gia. Baiskeli zenu za kwenda kununua mkate na kurudi. Mlima tuachieni sisi tuliokulia Usambara, tunaojua maana ya mapafu.

Bint_Makorora:
Haya, Kona, hebu tuheshimiane. Hizo unazoita baiskeli za mkate ndizo zimesomesha watoto wa mji huu. Baba yangu amepiga pedali toka Makorora hadi kazini bandarini miaka na miaka, mvua ya masika ikinyesha, na jua la Februari likichoma. Tanga inajulikana nchi nzima kwa baiskeli: wanaume, wanawake na buibui zao, watoto wa shule. Wewe huko kwenu mnapanda basi kutoka Mombo.

Kona_ya_Soni:
Dada, sijamtukana baba yako, namheshimu. Nimesema mlima. Tambarare na mlima ni vitu viwili. Njoo Mombo, upande hadi Lushoto, kama kilomita 33, kona juu ya kona, bonde liko chini ya mguu wako. Pale vijana wanasukuma na kushusha mizigo ya mboga kwa baiskeli ya gia moja. Hao wa Ulaya wana gia ishirini na nne na gari la kuwafuata na maji. Namwambia mtu yeyote: barabara ya Mombo ni ngumu kuliko hiyo Alpe yenu.

Pongwe_Stesheni:
Hapo umetia chumvi, mjomba. Piga hesabu. Mombo hadi Lushoto unapanda kama mita 1,000 ndani ya kilomita 33. Alpe d'Huez kwa njia ya kawaida unapanda kama mita 1,100 ndani ya kilomita 13.8. Kimo kinakaribiana, urefu wa barabara haufiki hata nusu. Wastani wa pale ni zaidi ya asilimia 8, kwetu ni kama 3.

Kona_ya_Soni:
Wastani! Wewe umekaa Pongwe unanipigia wastani. Nusu ya kwanza mpaka Soni ndiyo inaua, ukishafika yale maporomoko unapumua kidogo. Ukichanganya zote lazima wastani ushuke. Na hakuna Mfaransa anayepanda na gunia la viazi.

Pongwe_Stesheni:
Kushuka na gunia, bwana. Viazi vinashuka. Aliyepanda nalo nimwone.

Kona_ya_Soni:
Mbolea inapanda. Saruji inapanda. Au unadhani nyumba za Lushoto zinajengwa kwa nini?

Fundi_Spoku:
Mimi ni fundi, nitasema ninachokiona. Kila siku zinakuja baiskeli za mjini: tairi zimekwisha, mnyororo umelegea, basi. Zile zinazotoka upande wa milimani unazijua bila kuuliza. Raba za breki zimeliwa mpaka chuma, na ringi ina mfereji, ukipitisha ukucha unazama. Hiyo ni kushuka. Kwa hiyo Kona ana haki kusema wana shughuli yao. Ila kasi ni jambo jingine. Wale jamaa wanashuka Galibier kwa kasi ya gari, tairi jembamba, lami yenye baridi. Huwezi kulinganisha.

Mzee_wa_Donge:
Tatizo la mjadala huu ni kujipa moyo. Mwafrika kwenye baiskeli anaweza tambarare, akitoka sana anapiga mbio za mwisho mita mia mbili. Girmay wa Eritrea ameshinda, sawa, lakini kwenye mlima mkali humwoni. Milima si yetu, tuseme ukweli.

Muheza_Chungwa:
Mzee, shikamoo, lakini hili umeniudhi kweli.

Girmay 2024 alishinda hatua tatu, ya kwanza ile ya Torino, akavaa jezi ya kijani, ile ya pointi, hadi mwisho wa mbio. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hatua ya Tour kabla yake. Kutokuwa mpanda mlima ni aina yake ya mwili, kama ilivyo kwa Cavendish, Mwingereza wa mbio za mwisho aliyeshinda hatua 35, na hakuna anayesema Waingereza hawawezi mlima kwa sababu ya Cavendish. Halafu 2015 Daniel Teklehaimanot, Mweritrea pia, alivaa jezi ya nukta nyekundu kwa siku kadhaa. Hiyo ni jezi ya milima, mzee wangu. Ya milima! Asmara iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, watoto wanazaliwa na mlima.

Na Septemba 2025 mashindano ya dunia yalikuwa Kigali, hapa jirani. Wanaume kilomita 267.5, waliomaliza 30 tu. Dunia nzima iliitwa kwenye milima ya Afrika ikashindwa kupumua. Usiniambie milima si yetu.

Mzee_wa_Donge:
Marahaba. Na aliyeshinda Kigali ni nani? Pogačar. Wa pili Evenepoel. Milima yetu, medali zao. Umenisaidia hoja.

Muheza_Chungwa:
Medali zinafuata pesa, mzee. Mtoto wa Ulaya ana miaka kumi anafundishwa, ana baiskeli ya kaboni. Wa kwetu anaazima ya mjomba wake Jumapili.

Pongwe_Stesheni:
Na yule Froome wa Kenya, aliyepanda Alpe d'Huez kwa miguu anakimbia bila baiskeli? Yule si mlima?

Fundi_Spoku:
Ilikuwa Mont Ventoux, 14 Julai 2016. Watu walijaa barabarani, pikipiki ikasimama ghafla, wakaigonga, baiskeli yake ikavunjika. Akakimbia kwa viatu vile vya chuma chini. Lakini Tour nne alizoshinda ni kwa leseni ya Uingereza.

Muheza_Chungwa:
Kazaliwa Nairobi, kajifunzia kwa David Kinjah huko Kenya, 2006 aliiwakilisha Kenya michezo ya Jumuiya ya Madola. Aliondoka kwa sababu Kenya haikuwa na timu ya kumfikisha. Hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo.

Mzee_wa_Donge:
Froome ni Mwingereza.

Muheza_Chungwa:
Mlima aliujifunza wapi?

Pwani_Gia:
Ndugu zangu, narudi kwenye hatua ya 20. Nimeuliza kuhusu kukatwa kwa muda, hakuna aliyegusa. Muda wa mwisho unapigwa kwa asilimia ya muda wa mshindi. Mshindi akienda kasi, wa nyuma wanabanwa zaidi. Mtu amevumilia siku ishirini, amevuta maji ya wenzake, amekinga upepo, halafu anafukuzwa zimebaki saa chache afike Paris kwa sababu Pogačar aliamua kushambulia Galibier. 2022 Jakobsen, mtu wa kasi, aliponea kukatwa kwenye mlima wa Peyragudes kwa sekunde chache, alifika akaanguka chini. Mnaona ni haki?

Bint_Makorora:
Mimi nasema ni haki. Mlima mwisho ndio unaoleta utamu. Tour ya wanawake 2024 hatua ya mwisho kabisa ilikuwa Alpe d'Huez. Vollering akashinda hatua, Niewiadoma akapambana nyuma yake, akaokoa jezi ya njano kwa sekunde nne. Sekunde nne baada ya wiki nzima! Nililia mbele ya simu. Mngeweka mlima ule katikati tusingepata ile. Na wanaume hapa wote mmetaja miaka yenu, hakuna aliyetaja huo.

Pwani_Gia:
Wiki nzima, dada, si wiki tatu. Na haikuwa na Alpe siku iliyotangulia.

Fundi_Spoku:
Halafu watu wanasahau: zile kona 21 za njia ya kawaida ya Alpe d'Huez wanazipanda Ijumaa. Jumamosi wanatokea Sarenne, kilomita karibu 13 na wastani wa asilimia 7, barabara nyembamba. Kule nyuma mashabiki hawajazoea kujaa. Mimi hilo linanifurahisha, maana 1999 Guerini aliangushwa na mpiga picha kwenye kona zile, na 2018 Nibali akavunjika pingili ya mgongo. Mashabiki ndio hatari kuliko mlima.

Kona_ya_Soni:
Mashabiki? Njoni muone malori ya Mombo. Unapanda, basi linakupiga honi nyuma, kushoto ni korongo. Hakuna hata nusu mita ya mwendesha baiskeli. Hao wanafungiwa barabara nzima. Ndiyo maana nasema yetu ni ngumu, na hapo sijarudi nyuma.

Pwani_Gia:
Hili la barabara ni kweli, na linastahili mjadala wake. Lakini Kona, umejibu swali la nani?

Bint_Makorora:
Hili la barabara ndilo la maana, Pwani. Pogačar ana daktari. Kijana wa Soni ana nani? Na hata hapa mjini, bodaboda wanatusukuma mitaroni kila siku, tambarare hiyo hiyo.

Pongwe_Stesheni:
Kona, tufanye hivi. Jumapili ya kabla ya hatua hiyo, tunakutana Mombo alfajiri, tunapanda hadi Soni. Ukinishinda nitaandika hapa kwamba ninyi ni watu wa mlima.

Kona_ya_Soni:
Hadi Lushoto. Soni ni nusu njia. Na uje na ya gia moja.

Bint_Makorora:
Nami nakuja, na ya baba. Tuone hiyo ya mkate.

Fundi_Spoku:
Wote leteni baiskeli kwangu kabla ya Ijumaa. Breki ya mbele kwanza. Pongwe, yako naijua, ile waya ya nyuma imebaki uzi mmoja.